Hibo Avamia Habari za Saa Saba

Hibo anauza maziwa ya ngamia mkabala na kibanda changu cha chai, na mdomo wake haujui likizo. Mwanahabari yeyote akisimama sokoni Isiolo kutangaza moja kwa moja, Hibo humpitia nyuma akimkosoa: tai imepinda, bei ya mbuzi si hiyo, amesema uongo. Mimi hucheka mpaka namwaga chai ya watu.

Lakini mwezi mmoja hakuwa na utani. Ngamia wake wa maziwa, Adey, alikuwa amepotea malishoni siku tisa, akiacha ndama mchanga. Ndama alipewa chupa akawa anameza kidogo tu, mbavu zikaanza kuhesabika. Hibo naye akaacha kula.

Siku hiyo ya tisa Hanad, kijana wa televisheni, alikuwa hewani akieleza habari za barabara. Hibo akajitoma mbele ya kamera.

"Salaam aleikum. Ngamia yangu imepotea. Ni nyeupe, sikio ya kushoto imekatwa, kwa shingo iko na alama ya moto, mistari mbili."

"Mama, tafadhali ngoja kidogo," Hanad akasema.

"Kwa kisima mtu akitangaza mnyama yake, kuna mwenye anaambiwa angoje?"

Kweli, kisimani hata mwenye kiu hunyamaza tangazo kama hilo likitolewa. Hanad ni mtoto wa wafugaji, akamsogezea kipaza sauti. Hibo akaanza kutaja nambari ya simu. Alipofika tarakimu ya nne, studio ikamkata.

Soko zima likaangua kicheko. Mimi nilimhurumia sana.

Siku ya tatu baada ya tangazo hilo, lori la kutoka Merti likasimama sokoni. Akashuka mfugaji mmoja, Jattani, akauliza yuko wapi yule mama aliyegombana na televisheni. Watu zaidi ya ishirini wakamwonyesha kwa vidole. Nyuma ya lori Adey alikuwa amepiga magoti, amechoka lakini mzima.

"Alijiunga na ngamia zangu," Jattani akamwambia Hibo. "Ningekupigia, lakini walikukatia kabla umalize namba. Nikaona nikuletee tu."

Hibo akapanda lorini, wakamteremsha mnyama. Alimshika Adey kamba, nasi tukafunga vibanda tukamfuata hadi kwake. Ndama alipolipata titi, tulishangilia kama harusini, watu wazima na akili zetu.