Kuitazama Pikipiki ya Baba Mdogo

Kwa miaka mingi nilikana kwamba ule weusi chini ya kucha zangu ni grisi. Chuoni nilisema ni wino wa taipureta, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika makala, watu waliniamini na wengine wakanihurumia. Ukweli ulikuwa nyuma ya jiko langu, Dar es Salaam, chini ya turubai: pikipiki ya Kiingereza ya silinda moja, iliyoachwa na bwana shauri mmoja wakati wa Uhuru, ambayo nilikuwa nimeifungua na kuifunga mara nyingi kuliko nilivyofungua vitabu vya fani yangu. Wageni wakiuliza, niliwaambia ni ya mume wangu. Mume wangu, mtu mpole anayeogopa hata baiskeli, alikubali kusingiziwa. Mchana niliwahutubia wanafunzi juu ya kujitegemea. Jioni nilimwandikia mzee mmoja wa Birmingham nikimsihi anitumie gasketi.

Katika ukoo wetu mtu mmoja tu ndiye aliyeijua siri hiyo: baba mdogo Elia, mganga msaidizi wa zahanati ya Issuna, mkoani Singida. Yeye naye alikuwa na pikipiki kama yangu, mali ya serikali, aliyoitumia kuwafuata wagonjwa wa mbali. Mwaka uliofuata ule wa watu kuhamishiwa vijijini, alinitumia salamu kwa mdomo wa dereva wa lori la alizeti: "Mwambie pikipiki ni mgonjwa, inazima njiani. Wilayani wanataka kuichukua wakaitupe. Aje aitazame."

Ikichukuliwa, baba mdogo angebaki amekaa zahanatini, na wagonjwa wasioweza kutembea wangebaki walipo. Nikaomba likizo. Mkuu wangu wa idara nilimwambia ninakwenda kumtazama mgonjwa, naye akanipa pole.

Treni ya kwenda Manyoni niliipanda na begi lililojaa spana za inchi, kwa sababu pikipiki hizi hazitambui milimita, hata serikali ikitangaza namna gani. Jirani yangu kwenye behewa alijitolea kulipandisha begi, akaguna.

"Mama, humu umebeba nini?"

"Vitabu."

"Mbona vinalia kama masufuria?"

"Ni vya zamani," nilisema.

Manyoni nilishuka asubuhi, upepo ukipiga na vumbi limeshatangulia kuamka. Nikapata lori lililokuwa likielekea Misigiri, nikakaa juu ya magunia pamoja na wafanyabiashara wa kuku na kuku wenyewe. Tulipoipita Mkiwa na kukata vichaka kwa mwendo mrefu, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aligonga bodi.

"Konda! Nishushe Panapozima!"

Lori likasimama mahali ambapo sikuona chochote isipokuwa mti mmoja wa miiba na magogo mawili yaliyokaliwa hadi yakang'aa. Mama akashuka, akajikalia kwenye gogo kama mtu aliyefika kwake.

"Panapozima," nilimwambia mzee mwenye kuku aliyekaa karibu nami. "Ni jina la asili hilo?"

"Ndivyo wanavyopaita."

"Labda wasafiri wa zamani walilala hapa, wakazima moto asubuhi kabla ya kuondoka?"

Alinitazama kwa adabu. "Labda," alisema. "Wasomi mnajua zaidi."

Hadi tunafika Issuna nilikuwa nimeshaitunga kichwani makala nzima juu ya majina ya mahali na njia za misafara, pamoja na utangulizi.

Issuna nilimkuta baba mdogo amesimama nje ya nyumba, koti jeupe, kofia ya sufu kwa ajili ya baridi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumtazama mgonjwa wetu. Umefanya vizuri."

Pikipiki ilikuwa imeegeshwa barazani, na mbele yake kulikuwa na viti vitatu. Nilidhani viti vimesahauliwa. Mama mdogo aliponiletea ugali wa uwele na mlenda, walikuja wazee wawili, wakasalimu, wakaketi kwenye viti vile.

"Pole, Daktari," alisema mmoja. "Mgonjwa ameamkaje?"

"Yuko hivyo hivyo," alisema baba mdogo.

"Anakula?"

"Amekunywa petroli kidogo jana."

"Basi si haba," alisema mzee wa pili, nao wakakaa wakiitazama, kama inavyopasa kwa mgonjwa. Nilicheka. Wao hawakucheka. Baba mdogo akanieleza kwamba afisa usafirishaji wa wilaya angekuja wiki itakayofuata kuikagua, na kwamba neno la mtu aliyesoma kutoka Dar lingekuwa na uzito. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Akifika afisa, ataikuta inaruka.

"Inaruka?" aliuliza baba mdogo.

"Kama mpya."

Alivua kofia yake ya sufu, akaivaa tena. Nilidhani ni furaha.

Asubuhi iliyofuata nilivaa suruali ya mume wangu chini ya gauni na kuanza kazi. Ugonjwa wenyewe haukuwa na siri. Ikiwa baridi, iliwaka kwa teke la kwanza. Niliizungusha kijijini mpaka ikapata moto, ikakohoa mara mbili na kuzima. Nilichomoa plagi, nikailaza juu ya injini, nikapiga teke nikitazama: hakuna cheche hata moja. Tukaiacha ipoe. Mama mdogo alipomaliza kupepeta uwele, nilipiga tena, na cheche ikaja, nene, ya buluu. Kwa anayezijua pikipiki hizi, hiyo ni sawa na mgonjwa kukutajia mwenyewe ugonjwa wake. Ndani ya magneto, kile chombo kinachotengeneza umeme wa plagi bila betri, kuna kidude kidogo kiitwacho kondensa. Kikichakaa, hufanya kazi kikiwa baridi na kugoma kikipata joto.

Kondensa nilikuwa nayo, nimeitoa kwenye akiba ya pikipiki yangu. Niliifungua magneto mezani, nikapanga skrubu kwenye ungo wa mama mdogo kwa utaratibu niliojivunia, hadi kuku alipomeza wosha. Mama mdogo akasema tusubiri, itatoka. Sikusubiri, nilikata nyingine kwenye kopo la maziwa. Chuma cha kulehemu nilikipasha kwenye jiko lake la mkaa. Kupata majira ya cheche nilitumbukiza spoki ya baiskeli kwenye tundu la plagi ili kujua pistoni ilipo, na kipande cha karatasi ya sigara kunionyesha platini, zile ncha zinazokata umeme, zinapoanza kuachana.

Wazee wa viti walihama na viti vyao wakanizunguka. Baba mdogo alikuja mara kwa mara.

"Mwanangu, si umeshaitazama? Inatosha. Pumzika."

"Bado kidogo, baba mdogo."

"Umetoka mbali. Uje ule."

"Nikimaliza."

"Wengine," aliwaambia wazee, "wakienda kumtazama mgonjwa hukaa kidogo wakaondoka."

Wazee wakaitikia kwa kuguna. Nilichukulia kwamba ananisifu kwa kuwa tofauti na wengine.

Siku ya majaribio ilikuwa siku yake ya kwenda Mkiwa. Nilishika usukani mwenyewe. Baba mdogo akakaa kwenye kerea, amekumbatia sanduku la dawa. Kijiji kizima kilitoka kushuhudia. Mzee mmoja alisema hajawahi kuona mwanamke akipanda kitu hicho, mwenziwe akamjibu kwamba hata sasa hajaona, ameona suruali.

Barabara ilikuwa ya mchanga na mawe, jua limepanda, injini imepata moto wake wote, na haikukohoa. Niliimba. Nilikuwa naimba bado nilipoona kwa mbali mti wa miiba na watu wengi chini yake, akina mama hasa, watoto migongoni, wengine wameshasimama wakipunga mikono. Nikasema moyoni, watu wa huku wana ukarimu. Nikapunga na mimi. Nikaongeza moto.

Nyuma yangu baba mdogo alipiga kelele kwa Kinyaturu. Kinyaturu changu kinaishia kwenye salamu na chakula, na hii haikuwa mojawapo.

"Nimefurahi umefurahi!" nilimjibu.

Akanipiga mgongoni. Nikaongeza moto tena. Kwenye kioo niliona watu wakianza kukimbia barabarani, mwanamke mmoja mbele yao, shuka likipepea, na hapo hata msomi huelewa. Nikafunga breki, na baba mdogo nusura atue mbele yangu.

"Geuza!" alisema, sasa kwa Kiswahili kisicho na "mwanangu" ndani yake.

Tulirudi polepole. Bibi mmoja aliyevaa kaniki alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Daktari, leo mnatupita kama gari la mkuu wa mkoa?"

"Imetengenezwa, bibi," nilisema nikishuka. "Imepona. Haizimi tena."

"Haizimi?" Aliwageukia wenzake. "Jamani, pikipiki imepona."

Hakuna aliyefurahi.

"Sasa yenyewe imepona," alisema mama mmoja, naye ndiye yule aliyeshuka kwenye lori letu, "sisi na watoto wetu ndio tutaendelea kuumwa?"

"Hapa ndipo inapozima," bibi alinieleza taratibu, kama anayesema na mgeni wa nchi. "Kila safari. Inazima hapa, Daktari anakaa kuisubiri ipoe. Mtu akikaa na sanduku lake, watu wakija atawafukuza?"

Makala yangu ya misafara ilifia pale pale.

Baba mdogo aliketi kwenye gogo, akafungua sanduku, na huku akichungulia koo la mtoto alinieleza kile alichokuwa akinieleza tangu nilipofika. Watu hawa walikuwa na nyumba Mkiwa, kwa maana ya kuta. Paa na maisha yao vilikuwa bado huku, karibu na maji ya mifugo. Wilayani walisema huduma itolewe kwenye vijiji vilivyoandikishwa tu, ili watu wapende kuhamia. Mganga akionekana kutibu vichakani, kazi hana.

"Nikisimama hapa kwa hiari yangu, ni kosa," alisema. "Pikipiki ikisimama, ni ajali."

"Sasa kwa nini uliniita niitengeneze?"

"Nani alisema uitengeneze? Nilisema uje uitazame. Mgonjwa akitazamwa hukatwa tumbo?"

Alitaka jambo dogo tu: mtoto wa ndugu yake, msomi wa Dar, akae kwenye kile kiti cha tatu, na afisa akifika amwambie kwamba mgonjwa huyu ni wa muda mrefu lakini si wa kufa, hivyo asihamishwe.

Nikamwambia, basi nitairudisha ile kondensa mbovu.

"Ukiirudisha, afisa akija itazima mbele yake, na kwa kuwa kijiji kizima kimeshaiona imepona, hatasadiki neno lako, ataichukua. Ukiiacha, itafika Mkiwa bila kuzima, nami sitakuwa na sababu." Akamrudishia mama mtoto wake. "Umeniponya mpaka nimekwisha, mwanangu."

Bibi wa kaniki alinikalisha kwenye gogo la pili na kunipa kibuyu cha maziwa ya mgando. "Kunywa," alisema. "Si kosa lako. Ni kusoma."

Safari ya kurudi ilinikuta nimeishiwa likizo na maneno, na afisa bado hajafika. Niliagana na baba mdogo barazani, mbele ya viti vitatu ambavyo sasa havikuwa na mtu, kwa sababu aliyepona hatembelewi. Lori halikusimama tulipopita kwenye mti wa miiba. Kwenye treni nililifikiria neno moja usiku kucha hadi Morogoro. Nimefundisha miaka yote hiyo kwamba kutazama ni hatua ya kwanza, na kurekebisha ndiyo ya pili. Haikunijia kwamba kuna watu ambao kwao ya kwanza inatosha, kwa sababu wanajua mashine inasimamia nini inaposimama. Nyumbani nilifunua turubai, nikaketi kwenye kigoda mbele ya pikipiki yangu bila spana. Mume wangu alipouliza ninafanya nini, nilisema naitazama. Akaniletea chai na kuondoka kwa kunyata.

Wiki chache zilipita bila salamu yoyote kutoka Issuna. Kisha adhuhuri moja karani wa idara alikuja akikimbia: kuna simu ya mbali, kutoka Singida, inaweza kukatika wakati wowote. Mkuu wa idara alikuwa kwenye chumba hicho hicho. Nikaichukua.

"Wewe ndiye uliyeitazama pikipiki ya zahanati ya Issuna?" Ilikuwa sauti ya kiofisi, ya mtu anayeshindana na upepo. Alisema yeye ndiye afisa usafirishaji.

"Ndiyo. Niliitazama."

"Nimeipanda mwenyewe hadi Mkiwa na kurudi. Sijaona pikipiki ya umri ule ikienda vile. Lakini Daktari ananiambia kuna mahali njiani ni lazima ipumzike. Anasema ni maagizo yako."

Sikuwa nimetoa maagizo yoyote. Nyuma ya sauti ile nilisikia mtu akikohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliye kanisani.

"Ni kweli," nilisema. "Injini ile inapozwa na upepo tu. Kwa jua la huko na mchanga ule, ni lazima ipumzike."

"Hapo hapo penye mti?"

"Hapo hapo."

"Kwa muda gani?"

Nilikuwa nimejibu kabla sijafikiri. "Inategemea wamekuja watu wangapi."

Waya ulivuma. Mkuu wa idara aliacha kuandika. Huko Singida hakuna aliyekohoa.

"Mama," ile sauti ikasema hatimaye, "laini hii ni mbovu sana. Nimesikia umesema inategemea joto."

"Joto," nilisema. "Ndiyo."

"Basi itabaki Issuna. Na nitaagiza ikifika pale isiwashwe mpaka ipoe kabisa, hata ikichukua mchana kutwa."