Mwavuli Kaburini kwa Generoza

Eustakia wa kijiji cha Mbuba hakuzaliwa na madoa. Aliyanunua mwenyewe Nyakanazi, kwenye kikopo cha krimu kisicho na jina, muda mfupi kabla ya harusi yake, akitaka kung'aa. Aling'aa kweli, kisha akaungua, na mashavu yakabaki meusi kama sufuria ya maharage. Aliyemwosha uso kwa maji baridi siku zile alikuwa Generoza, mdogo wa mama mkwe wake. Wengine walicheka, maana kwa kucheka watu hawajambo.

Miaka ikapita. Mwaka huu kaka yake akampeleka Mwanza, kwa daktari wa ngozi mwenye mashine ya leza, ile ya kufuta madoa kwa mwanga. Daktari yule hakuwa na papara. Alijaribu kwanza nyuma ya sikio, kwa nguvu ndogo.

"Ngozi yetu ina hasira, dada," akamwambia. "Ukiichokoza, inajibu kwa weusi zaidi. Leza itakusaidia, lakini ukipigwa na jua sasa, utakuwa pabaya kuliko mwanzo."

Basi Eustakia akawa haendi hata kisimani bila mwavuli wake mwekundu. Mama mkwe, Bi Agripina, akaguna: "Kumbe tumeoa mzungu!"

Uso haujatulia, Generoza akafariki.

Maziko yalikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Eustakia angeweza kujificha nyumbani, lakini moyo ulikataa. Akaenda na mwavuli wake. Padri alipoanza sala, wenye miavuli wakaifunga kwa heshima, ukabaki wazi ule mwekundu peke yake.

"Hata msibani?" mtu akanong'ona, kwa sauti ya kutaka kusikika.

Aibu ikamshika Eustakia, akaufunga. Mashavu yakaanza kuwaka. Alilia, na hakujua analilia nini zaidi, marehemu au uso wake.

Ghafla mwavuli ukachukuliwa mkononi mwake. Bi Agripina, macho yamevimba, akaufungua na kumkinga.

"Mama, watu wanatutazama."

"Watutazame. Mdogo wangu aliuosha uso huu kwa mikono yake. Simziki huku wewe unauunguza tena."

Mwavuli haukushuka mpaka kaburi lilipojaa udongo.