Siku Pelagia Alipoacha Salamu

Mwaka ule wa themanini na nne hata kipande cha sabuni kilikuwa cha kupangiwa foleni. Gari la wagonjwa lilikuwa Musoma tu, na kuliita ni kwa redio koli. Pale kwenye zahanati ya misheni, kijiji cha ng'ambo ya ghuba, aliyeshika redio alikuwa Pelagia.

Mchana mmoja wa mvua, Hyasinta alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya. Nesi Ursula akatoka akifuta mikono. "Huyu anataka kupasuliwa. Ita gari, dada."

Pelagia akabonyeza kitufe cha redio. "Musoma, Musoma, hamjambo huko?"

Kosa likawa hapohapo. Watu wa Mara salamu hawaiachi bila kuiitikia. Bunda akaitikia, Butiama akaitikia, na Musoma naye, wote kwa mpigo, maana redio zao zilikuwa masafa yaleyale. Sauti zikasongamana kama mbuzi mlangoni. Kisha kule Musoma ikawashwa mashine ya kusaga ya mtaa wa Iringo, jirani na redio, na ikiwaka unasikia mkwaruzo tu.

Akaita mara tatu, na mara tatu Bunda na Butiama wakamsalimia, Musoma hasikiki. Chumba cha pili Hyasinta aliguna, halafu akanyamaza. Ule ukimya ndio uliomtisha Pelagia.

"Leo hakuna salamu," akasema. "Wote nyamazeni. Bunda peke yake, unanisikia?"

"Nakusikia, ingawa umeamka na kisirani," akajibu Silasi, mzee wa redio ya Bunda.

"Utanisema kesho, baba. Musoma hanisikii. Wewe unampata?"

"Simpati. Ila Butiama yuko juu mlimani, anampataga hata mashine ikiwaka."

"Basi mpe Butiama, yeye ampe Musoma. Mama, upasuaji, gari, haraka. Usiongeze neno. Na jibu lirudi njia hiyohiyo."

Akangoja, sikio kwenye redio. Mwisho Silasi akarudi. "Butiama anasema Musoma anasema gari limetoka."

Wiki ya tatu Hyasinta alikuja na kitoto cha kike mgongoni, akaomba redio awashukuru. Pelagia akamfundisha: mmoja mmoja, kwa jina.

"Baba Silasi wa Bunda, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Na huyo mgeni wetu?"

Hyasinta akakisogeza kitoto kwenye redio. Kikapiga chafya. Butiama na Musoma walikuwa kimya, kila mmoja akingoja zamu yake ya kusalimiwa.