Siku Niliyomsemea Marehemu

Jambo hili sijawahi kulisimulia huku nikimtazama mtu usoni, kwa hiyo mkiniona nimeinamisha kichwa mniache hivyo hivyo. Mnajua mimi pale Korogwe ndiye mtafsiri wa filamu kwenye kibanda umiza chetu, nashika maiki, Mchina akisema maneno matatu mimi nasema thelathini (na hakuna aliyewahi kulalamika), sasa binamu yangu Zahara wa Kwedizinga, aliyesomea filamu Dar, akaniomba Jumamosi moja mchana aonyeshe humo filamu yake kuhusu nchi inavyochakaa.

"Kaka, nakuomba kitu kimoja tu, usiguse maiki. Ukimya ndio filamu yenyewe."

Nikamwambia asijali. Siku yenyewe akanionyesha na Bibi Mwanaidi, aliyetoka Mazingara na kukaa benchi la mbele kabisa: mumewe alifariki mwaka jana, hakuacha hata picha moja, na Zahara alikuwa amemrekodi siku zake za mwisho. Bibi alikuja kwa ajili hiyo tu. Nikampa shikamoo, akaitikia, mimi mzee wake sikuwahi kumwona.

Filamu ikaanza. Reli iliyoota majani, dakika tano. Zahanati isiyo na mlango, dakika nyingine tano, hakuna muziki, hakuna mtu. Vijana wakaanza kupiga kelele wakimtaka shujaa wa filamu, "Steringi yuko wapi?" Fundi cherehani mmoja akasema binti anaidhalilisha nchi, mbona barabara ya lami hajaionyesha, na mwalimu mstaafu aliyekuwa analia waziwazi akamgeukia, "Nyamaza bwana, ndivyo tulivyo!" Wakawa wanabishana, wengine wanatoka, Zahara kajikunyata pembeni, mimi roho ikaniuma, nikajiambia ngoja nimwokoe mtoto wa shangazi. Nikawasha maiki.

Hapo kwenye pazia kulikuwa na mzee ndani ya kiwanda cha katani kilichofungwa, anachambua nyuzi za singa ambazo hazipo, mikono inakwenda hewani taratibu. "Jamani," nikasema, "huyu babu anamsuka nywele mchumba wake jini!" Kibanda kikalipuka kwa kicheko, waliotoka wakarudi, nami kichwa kikavimba. Mzee akageuka, midomo ikacheza, nikamsemea, "Mshahara wangu mmeupeleka wapi?" Wakapiga meza. Zahara akaja mbio akachomoa waya wa maiki, lakini mzee alikuwa ameshatoweka kwenye pazia na filamu imeisha.

"Filamu nzima ina sentensi moja, kaka," alisema. "Moja tu."

Ndipo nikamtazama Bibi Mwanaidi. Alikuwa bado anaangalia lile pazia jeupe.

Aliponyanyuka nikamfuata nje ili nimwombe radhi. Gari la Handeni lilikuwa linaunguruma, konda anamharakisha, na kabla sijafungua mdomo akanishika mkono.

"Mwanangu, wewe ndiye ulikuwa unasema. Kelele zilizidi, sikusikia. Mzee wangu alisema nini pale?"

Sikujua. Nilikuwa naongea mimi. Ningesema hivyo tu, sijui bibi, nisamehe, lakini ulimi huu umezoea.

"Alikutaja wewe, bibi. Alisema, Mwanaidi, nakuja nyumbani."

Akafumba macho. "Alhamdulillahi," akasema, "miaka ile yote ya ugonjwa alikuwa hanitambui." Akapanda gari anatabasamu, akanipungia mkono kupitia dirishani.

Jioni Zahara akaniambia alichosema yule mzee. Alikuwa ameuliza kama king'ora cha kiwanda kimelia. Basi.

Tangu hapo nimeapa sitamsemea tena mtu maneno asiyoyasema, awe Mchina, awe nani, na maiki nimeshaikabidhi kwa mwingine. Lakini kiapo hakinisaidii kitu, maana jana bibi amempigia Zahara simu. Ijumaa kuna hitma ya mzee kule Mazingara, anaomba filamu iletwe, amewaita watoto na wajukuu wote waje wasikie baba yao anavyomtaja mama yao jina. Na amesema nisikose, anataka nikae naye benchi moja.