Nesi Aliniuliza, Nikasema Malaria

Nimeua. Msinitafutie neno laini, jamani, nimeua mtoto wa kaka yangu, na anayeozea mahabusu kwa ajili hiyo ni mwingine.

Mimi ni mama ntilie hapa Segese, nawapikia wachimbaji. Kabula, huyo binti wa kaka, alikuja kunisaidia kuosha vyombo, akapata mimba. Aliyempa mimba akahamia Geita kufuata dhahabu mpya, simu akazima.

Na huko kwao Kharumwa, wazazi wa kijana mwingine aliyemposa walikuwa wamepanga kuja Jumamosi kukubaliana ng'ombe wa mahari! Binti mwenye mimba hatolewi ng'ombe wa maana, hilo kila Msukuma analijua. Na mimi shangazi ndiye niliyewaapia kwamba binti yetu katulia. Nikaona aibu yote itaniangukia mimi.

Kabula alisema, "Shangazi, naogopa. Tumwambie tu mama." Nikamfokea. "Umwambie nini? Unataka kumuua baba yako kwa presha?"

Nikampeleka kwa muuza dawa mmoja wa dukani, tunamwita Dokta. Udokta wenyewe hana! Nilikaa nje nikichambua mchele.

Siku ya pili mtoto anawaka moto, anatetemeka. Nikamkimbiza hospitali. Nesi akanivuta pembeni, kwa heshima kabisa: "Mama, niambie ukweli tumuwahi. Ametumia kitu? Ametolewa mimba?"

Nikaiona jela. Nikasema, "Hapana, mwanangu. Ni malaria hiyo."

Kabula alinisikia. Alinitazama, akanyamaza, maana alilelewa asibishane na mkubwa. Ee Mungu wangu! Wakahangaika na malaria ambayo haikuwepo. Walipokuja kugundua, damu ilishachafuka. Adhuhuri akakata roho.

Polisi walikuta pakiti ya dawa ya duka la Dokta kwenye nguo za Kabula, wakamchukua. Kesi ya kuua bila kukusudia. Mimi nililia msibani kuliko wote, watu wakanishika mikono.

Juzi mke wa Dokta amekuja kibandani. Kaagiza wali maharage, hajagusa hata kijiko. Akaniambia taratibu, "Mama, mume wangu anasema hafungwi peke yake. Aliyemleta yule binti anamjua." Akaondoka. Tangu hapo pikipiki ikisimama nje, naacha mwiko nachungulia, nadhani ni polisi.

Na leo asubuhi kapiga mama yake Kabula. "Wifi, kesho twende wote mahakamani. Nataka nimwone kwa macho yangu aliyemuua mwanangu, na wewe unishike nisianguke."

Nimemjibu, "Haya, wifi."

Nyie mlio na mabinti, nisikieni. Ng'ombe wakipungua, zizi litajaa siku nyingine. Binti akikwambia anaogopa, ogopa naye, mpeleke kwa wataalamu, siyo vichochoroni. Na kama umeshakosea kama mimi, mtoto yuko kitandani na nesi anauliza, sema! Sema hata kama polisi amesimama mlangoni. Mimi nilikuwa na neno moja tu la kumponya, nikalimeza.