Aliyepita Kwetu Ukuta wa Wadi Ulipobomolewa

Siandiki haya ili mtu aogope, na skuli sikufika mbali, basi nikikosea mnisamehe. Lakini yamenifika mimi mwenyewe, hapa Maskati, nyumbani kwetu Al Khoudh, nami nilikuwa macho. Au nadhani nilikuwa macho. Nilikuwa nikimuuguza mama, na usingizi wangu ulikuwa haba. Natanguliza hilo ili nisimdanganye mtu.

Juu ya mtaa wetu palikuwa na ukuta wa zamani wa kuzuia maji ya wadi, yaani mto mkavu unaofurika mvua ikinyesha. Nyuma yake palijaa tope, hauna kazi tena, na mitende ya watu wa chini ilikuwa ikifa kwa kiu. Ikaamuliwa ubomolewe, maji yapite njia yake. Nilifurahi, na mpaka leo sisemi walikosea.

Wiki ile mashine zilipoanza, nimekwisha kusali Magharibi, niko jikoni, nikasikia hodi. Sauti ya mwanamke, ya Unguja khasa, tulikotoka sisi. Nikajibu bila kugeuka, kama tulivyolelewa: karibu ndani. Nani kwetu humwacha mgeni mlangoni?

Akaingia bibi mmoja aliyevaa buibui, pindo linachuruzika maji. Na mvua tulikuwa hatujaiona kwa miezi, niamini. Nikamwamkia, hakuitikia. Akapita sebuleni, akapita jikoni, anaelekea chumba cha nyuma alicholala mama.

"Bibi, humo mna mgonjwa," nikamwambia.

"Mtoeni, mwanangu. Hii njia yangu, ule ukuta ndio ulonizuia. Na wewe ushanikaribisha."

Akaingia. Nikamfuata mbio. Mama yuko peke yake, dirisha limefungwa, anauliza nani kamletea baridi. Sakafuni, kutoka mlango wa mbele mpaka kitandani kwake, tope laini, bado bichi.

Mume wangu alicheka. "Siku hizi hata mizimu inapata viza?" Akasema tope ni la wafanyakazi waliokuja mchana kuomba maji ya kunywa. Kweli walikuja, siwezi kukataa. Lakini nani kati yao aliingia kwa mama?

Nikashikilia mama ahamie kwa kaka yangu, Darsait. Mama alikasirika. "Nnahamishwa kama kabati, na pumzi nnazo?" Njia nzima nikawa najiuliza: je, kama namtesa mzazi wangu kwa ndoto tu?

Kisha mvua ikanyesha. Wadi ikashuka, ikaingia kwa mlango wa mbele, ikapita sebuleni na jikoni, ikautoboa ukuta wa chumba cha mama, ikaondoka na kitanda. Majirani wa kulia na kushoto waliloa nyua tu. Mhandisi akatwambia nyumba yetu ilijengwa katikati ya mkondo wa zamani. Nakubali. Sisi ndio tuliokaa njiani.

Basi wewe unayejenga karibu na wadi, uliza kwanza maji yalikuwa yakipita wapi. Na hodi ambayo mwenyewe hujamwona, usiikaribishe.

Sasa sote tunakaa Darsait, ghorofani. Mume wangu hacheki tena. Mawingu yakikusanyika, mama hugeuza shingo kuelekea mlangoni, akatabasamu kama anayesikia mgeni, na midomo yake ikaanza kufunguka kujibu. Nami, Mungu anisamehe, humziba mama yangu mdomo kwa kiganja.