Lugha Alizokuwa Akisema Papa Godefroid

Komunike ya mtu aliyepotea ina mpangilio wake hapa Lubumbashi, na mimi naujua vizuri kuliko sala zangu. Kwanza jina, pamoja na jina la baba. Halafu umri, kimo, nguo alizovaa siku ile. Kisha lugha anazosema. Mwisho nambari ya simu, na kuomba atakayemwona awajulishe jamaa au kituo cha polisi kilicho karibu. Nimeziandika nyingi, kwa sababu nina sekretaria yangu Katuba: meza mbili, kompyuta moja, na printa yenye kiburi. Watu wanakuja na shida zao, nazipiga chapa, wanakwenda kuzisomesha redioni. Wanaonifahamu watakwambia kwamba Ngosa ni mbishi, hata herufi kubwa anaibishia. Ni kweli. Lakini siku aliyokuja Mama Brigitte Chanda sikubisha, na jambo hilo linanikera mpaka leo.

Mama Brigitte ni jirani yangu, lupango, yaani kiwanja, wa tatu kutoka kwangu, ule wenye geti la kijani. Kwao ni Wabemba wa upande wa Sakania, wakulima. Aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa na Godefroid Kisimba, karani wa stesheni, aliyezaliwa kaskazini huko Kiambi, karibu na mto Luvua, akaletwa mjini akiwa kijana mdogo na baba yake aliyekuja kufanya kazi ya reli. Walijuana kwenye kwaya ya parokia. Yeye hakujua Kiluba, mwanamume hakujua Kibemba. Kiswahili kikawa nyumba yao kabla hawajapata nyumba ya matofali. Watoto wawili waliozaliwa humo, mmoja sasa yuko Kolwezi na mwingine Ndola, hawakupata lugha nyingine ya nyumbani.

Papa Godefroid alikuwa na Kiswahili cha namna mbili, na alijivunia zote. Barabarani alisema kile chetu cha Katanga, chenye Kifaransa ndani na chumvi ya kutosha. Jumapili, akipanda kusoma somo la pili, alivaa Kiswahili bora kama mtu anavyovaa koti la harusi: kila neno limepigwa pasi, kila herufi mahali pake. Miaka thelathini na moja alisoma pale. Tulipokuwa watoto alitusimamisha njiani akiturekebisha, na sisi tulimchukia kidogo na kumwogopa sana. Nikiwa mkubwa nikagundua kwamba ninavyowarekebisha wateja wangu ni yeye mtupu.

Uzee ulimchukua kwa kurudi nyuma. Kifaransa ndicho kilichotangulia kutoka. Alikuwa akitafuta neno, halipati, anacheka. Kisha Kiswahili cha kanisani: Jumapili moja alisimama mbele ya kitabu, akatazama ukurasa, akashuka bila kusoma, na padri akatangaza wimbo haraka haraka. Baadaye na kile cha barabarani kikaanza kumvuja. Mwishowe kilibaki Kiluba tu, tena si Kiluba cha kila mtu. Papa Osée wa mwisho wa avenyu yetu ni Mluba wa Kabongo, na hata yeye alikuwa akikamata nusu. Kilikuwa Kiluba cha Kiambi, cha utotoni, cha mama yake, ambacho alikuwa hajakitumia tangu alipopanda treni ya kuja huku.

Mama Brigitte alificha. Naelewa kwa nini, ingawa kuelewa hakunizuii kukasirika. Mume wake alikuwa msomaji wa parokia. Watu wakijua kwamba hasemi tena hata Kiswahili, wangeanza maneno: amerogwa, kwao wanamwita, ameona kitu. Basi akaanza kufunga geti kwa kufuli. Aliyemwulizia mzee aliambiwa amechoka, analala. Mimi mwenyewe nilimsalimu siku moja juu ya ukuta, akanijibu maneno marefu yenye adabu, na sikushika hata moja. Nikamwuliza mkewe kama wanaelewana. Akasema, "Tunasikilizana bien, mutoto yangu. Miaka makumi tano, nani atatufasiria?"

Mzee alipotea siku ya Jumanne, mwezi wa tatu, mvua zikielekea kwisha. Mama Brigitte alikwenda kusaga mahindi. Alijua mashine haina watu asubuhi, akaona kufuli si lazima. Kumbe umeme uliokatika tangu juzi ulikuwa umerudi asubuhi hiyo, na mtaa wote uko kwenye foleni. Aliporudi na unga, geti lilikuwa wazi na mzee hayupo. Alikuwa amevaa koti lake la bluu la reli na sandali nyeupe za plastiki. Tulitafuta kila mahali unapopajua: polisi, hospitali, chumba cha maiti, stesheni, parokia, mpaka Kasapa kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Siku ya pili mchana Mama Brigitte akaja kwangu kwa ajili ya komunike.

Niliandika jina, umri miaka sabini na sita, koti, sandali. Nikafika kwenye lugha.

"Anasemaka luga gani?" nikamwuliza.

"Andika Kifaransa na Kiswahili."

"Na Kiluba?"

"Ile mbili inatosha. Bantu ya paroisse watasikia. Usimufanye muzee wangu sawa muntu mwenye kutoka pori jana."

Nilijua si kweli. Vidole vyangu vilikuwa juu ya herufi na nilijua. Lakini macho yake yalikuwa yamevimba, nikaona huruma, na huruma ikanishinda akili. Nikapiga chapa: anasema Kifaransa na Kiswahili. Redio ikasoma mara tatu kwa siku, juma zima.

Kisha pakawa kimya. Akifa mtu hapa Katuba, tunajua la kufanya. Tunaleta makala, yaani mkaa wa moto, tunatandika mikeka, wanawake wanalala pale, wanaume wanacheza karata, hata mlevi wa mtaa anapata kazi ya kuchota maji. Mjane hapati nafasi ya kuwa peke yake. Lakini mke wa mtu aliyepotea tulimwachia ukimya mtupu, kwa kuwa kutandika mkeka ni kumuua mzee wakati labda yuko hai. Hakuna aliyejua ampe pole ya nini. Watu wakaanza kupita upande wa pili wa avenyu. Watoto wake walikuja, wakakaa majuma mawili, wakarudi kazini. Parokia wakamwombea mara mbili na halafu wakawa na ubatizo. Nilikuwa nikimwona amekaa mlangoni mwake saa kumi, saa kumi na moja, mikono mapajani, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa na wa kuongea naye. Alikuwa mpweke hadi ilinitia aibu kupita mbele yake na mkate.

Kila Jumamosi alitoka na picha ya mzee kwenye mfuko wa plastiki. Alizichukua moja moja barabara zinazotoka mjini: ya Kasenga, ya Kipushi, ya Kasumbalesa. Aliuliza madereva, wauza makala, wanaotengeneza matairi. Mwezi wa kumi alipofikia barabara ya Likasi, nilifunga sekretaria nikaenda naye, maana miguu ilikuwa imeanza kumvimba na nilichoka kuwa mtu wa kupita tu.

Pale wanapotoza ushuru wa barabara, malori yanasimama na wanawake wanauza mayai ya kuchemsha, mikate na ndizi. Mmoja wao, dada wa miaka kama thelathini aitwaye Plamedie, aliichukua picha, akaitazama, akaweka beseni chini.

"Huyu muzee alikala hapa siku mbili," akasema. "Pale, kwa kiti ya yaya yangu. Tulimupatia mukate na yai. Alikula muzuri."

Mama Brigitte alishika mkono wangu. Akamwuliza kwa nini hawakupiga simu.

"Mama, komunike tuliisikia. Radio iko palepale. Koti ya bleu, sandale nyeupe, mi mwenyewe nilisema: njo huyu. Tukamuuliza: papa, jina yako Godefroid? Akaanza kusema luga yenye hatuyue. Polisi ya kizuizi akamusemesha Kifaransa. Hapana kintu. Na komunike ilisema anasema Kifaransa na Kiswahili. Tukasema, basi haiko ye, iko muzee mwingine. Kesho yake akapanda mu kamyo ya bachimbaji, bale ya kuenda Kambove."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri: alisikia tangazo, akalinganisha, likakataa. Mama Brigitte akamshukuru. Akanunua mayai manne ambayo hakuyala. Tuliporudi alitembea mbele yangu mpaka kwenye gari bila kugeuka. Siku mbili nzima mume wake alikuwa amekaa kwenye kiti barabarani, kilomita chache kutoka nyumbani, na jina lake likisomwa redioni juu ya kichwa chake.

Jumatatu tukaenda Kambove. Ni mji wa zamani wa migodi, umechoka, na pembeni yake wachimbaji wa mkono wanahamahama kila wanaposikia kuna mawe mazuri. Tulionyesha picha kanisani, sokoni, zahanati. Wengine walimwona labda, wengine hapana. Miezi saba ni mingi.

Tuliporudi Mama Brigitte aliketi mbele ya meza yangu. "Andika ingine," akasema. "Andika anasema Kiluba ya Kiambi tu. Kiswahili ilisha kutoka mu kichwa. Na uandike bibi yake njo alidanganya."

Ya mwisho nilikataa. Nikamwambia redio haisomi maungamo, na mwenye kosa tuko wawili.

"Basi mi nitaisema wapi?" akaniuliza. Komunike ikasomwa bila maneno hayo, na nambari niliyoweka ilikuwa yangu, kwa kuwa simu yake ilikuwa na kioo kilichovunjika na haikusikika vizuri.

Juma la tatu, saa nane mchana, alikuwa amekaa kwangu akinisaidia kupanga karatasi, simu ikalia. Kijana akasema anaitwa Fils, yuko kwenye machimbo nyuma ya Kambove, wamesikia tangazo.

"Iko muzee mumoja huku, hatusikilizane naye hata kidogo. Nikupatie ye?"

Nikafungua kipaza sauti, nikampa Mama Brigitte. Mtandao ulikuwa mbaya, upepo ukivuma ndani ya simu. Kisha sauti ya mzee ikaanza kusema. Ilisema taratibu, kwa kirefu, bila kuuliza chochote, kama mtu anayeeleza jambo aliloeleza mara nyingi. Mama Brigitte aliishika simu kwa mikono miwili.

"Godefroid," akasema.

Sauti ikasimama. Halafu ikaendelea.

"Godefroid, ni miye Brigitte. Uko wapi?"

Ikasema maneno mengine machache, na simu ikakatika.

Nitaeleza kwanza yaliyofuata, nisikuweke roho juu bure. Nambari ile haikupatikana tena, jioni hiyo wala kesho yake wala leo. Tulikwenda machimboni mara mbili. Wachimbaji walikuwa wamehama, na vijana wanaoitwa Fils ni wengi. Papa Osée alinigombeza kwamba sikuirekodi ile sauti, angalau yeye angeshika nusu. Nilimwambia nafasi ya kunigombeza imekwisha kujaa. Polisi wana karatasi yetu. Papa Godefroid hajaonekana, na hakuna anayejua kama aliyesema siku ile alikuwa yeye au mzee mwingine wa kaskazini ambaye naye watu wake wanamtafuta.

Lakini wakati ule, simu ikiwa bado ya moto mezani, mimi nilidhani tumempata. Nilikuwa nimesimama tayari, nikitafuta funguo, nikiwaza gari la kukodi. Nikamwuliza, "Mama, njo ye?"

Alikuwa anaitazama simu.

"Sijue," akasema. "Sauti yake ya Kiswahili ningeiyua hata katikati ya soko. Hii ya Kiluba sikuisikilizaka. Miaka mbili, akianza tu kusema, mi nilikuwa nainuka, naenda ku jikoni."